Nyongo ya Samaki Kifuani mwa Mama

Juzi nilikwenda kumpongeza rafiki yangu aliyejifungua, hapa Kashikishi, nyuma ya soko. Nilibeba sabuni na kitenge, nikapewa mtoto nimpakate, nikasifu pua yake ambayo kwa kweli ni ya kawaida tu. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka mama mkwe wake alipoleta kikombe cha plastiki chenye mfuniko, akakifungua mbele yangu ili amlishe mtoto uji uliobaki tangu asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilimrudishia mwenzangu mtoto wake, nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya choo chao, tena kwa sauti. Niliporudi nikisukutua mdomo, nikawakuta wote wanacheka, na yule mama mkwe akaniuliza mimba ni ya miezi mingapi. Sina mimba. Nina pua tu, na pua yangu haisahau.

Nyinyi wa rika langu, mliovushwa maji mkiwa watoto na mkakulia upande huu wa ziwa Mweru, huku Zambia, mnaijua harufu ninayoisema. Ni uji wa muhogo na mahindi uliopikwa alfajiri, ukafunikwa, ukaachwa dirishani. Kwanza unajitenga, maji yanapanda juu. Halafu unatoa povu dogo pembeni. Halafu mtu mzima anaukoroga kwa kidole, anakilamba kile kidole, anasema bado uko sawa. Nakichukia kidole hicho mpaka leo.

Siku hizi wanakuja vijana wenye fulana safi na picha kubwa za mama mwenye meno meupe, mtoto mnono kifuani. Wanasema miezi sita ziwa tupu, halafu ziwa pamoja na chakula mpaka mtoto atimize miaka miwili na zaidi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu unaanza wanapouliza mbona wamama wa huku wanaacha mapema, kisha wanajijibu wenyewe: uvivu, tamaa ya biashara, kutaka kifua kisianguke. Mama yangu alimwachisha mdogo wangu ziwa kabla hajajua hata kukaa, na sijawahi kumwona Mama akiwa mvivu hata siku moja. Ngoja niwaeleze jinsi alivyolazimishwa, na mkiona kinyaa, tutakuwa wengi.

Tulikuwa na kiwanja chetu kule Mantapala, pamoja na wakimbizi wengine kutoka ng'ambo ya ziwa. Posho ilipopungua, Baba alibaki kulinda muhogo, na Mama akaja ziwani kutafuta riziki ya samaki. Alinileta mimi, Furaha, mtoto wake wa kwanza, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanarudi, na alimleta Egzose mgongoni, mtoto wa kiume aliyeombewa sana kanisani ndiyo maana akapewa jina la maombi yaliyojibiwa. Tulifikia kwa dada mkubwa wa Baba, Tantine Mado, aliyevuka kutoka Pweto zamani, kabla ya vita vyetu. Alikuwa na nyumba ya matofali na safu ya majiko ya kukaushia samaki kwa moshi, karibu kabisa na maji.

Pwani ile ilikuwa chafu, na sitaipamba. Matumbo ya samaki yalitupwa palepale yalipotolewa. Magamba yalinata miguuni, kwenye sufuria, kwenye mkeka wa kulalia, mpaka kwenye nywele. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba tulikuwa tumeacha kuwafukuza. Kuku walikula utumbo, sisi tukala kuku, na hakuna aliyeona ajabu.

Katika uchafu wote huo, Tantine Mado alikuwa malkia. Hakuna aliyejua kuoza kama yeye. Akiletewa beseni la samaki alifunua shavu, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba aone kama nyama inarudi, kisha akapaka kiganja chake ute wa samaki na kukinusa. Huyu wa leo. Huyu amelala. Huyu amelala sana, tupa. Wanawake walisubiri hukumu yake wakiwa wameshika pumzi, na hakuwahi kukosea. Angekosea hata mara moja, labda watu wangejifunza kumbishia.

Wanawake wa majiko walikuwa na desturi moja iliyonishangaza tangu siku ya kwanza. Anayenyonyesha akishinda kwenye moto na jua, maziwa yake yalisemekana yamepikwa kifuani. Kwa hiyo jioni, kabla hajamgusa mtoto, ilimbidi akamue mchangani, ajimwagie maji baridi, akae mpaka apoe. Mtoto analia pembeni mpaka anakauka sauti, na chakula chake kinamwagwa chini, nzi wanakishukia, kuku wanakuja kudonoa mchanga uliolowa. Mama alifuata desturi ile kwa sababu alikuwa mgeni, na mgeni kwa wifi yake hana mdomo. Egzose alizoea kusubiri. Hata hivyo alikuwa amenona, mapaja yamejikunja, na akimwona Mama anakaa chini alicheka kabla hata blauzi haijafunguliwa.

Halafu samaki wakawa haba ufukweni. Ikasemekana Kilwa, kisiwa cha humuhumu ziwani, wamejaa, na boti inaondoka. Mama alitaka kwenda na mtoto. Tantine alikataa: boti haina kivuli, ziwa lina upepo, na uji upo. Mama akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Alidhani atarudi kesho yake, lakini mwenye boti hakukubali kurudi mpaka boti ijae watu na mizigo, akawaweka kule mpaka alipotosheka. Sisi huku Egzose alinyweshwa uji na kulia, kulia na kunyweshwa uji.

Mama aliporudi alishuka majini kabla boti haijagusa mchanga. Kifua kilikuwa kimejaa, kigumu, blauzi imelowa na kukauka na kulowa tena. Alikuwa ananuka samaki, moshi, jasho na maziwa yaliyochacha kwenye nguo. Alikuwa bado na mzigo kichwani na tayari anafungua vifungo. Egzose alimwona akanyoosha mikono. Tantine Mado akaingiza mkono wake katikati yao.

"Ngoja, mulamu," akasema. Mawifi huku huitana hivyo. "Ile maziwa ililala wapi?"

"Ililala na miye. Niachie mutoto, eko na njaa."

"Ililala Kilwa, ikalala tena. Samaki ikilala vile bila chumvi, weye unapatiaka mutu akule?"

"Samaki inakufaka. Miye niko muzima."

"Bon, weye uko muzima. Maziwa njo ilikufa."

Wanawake waliokuwa wanapanga samaki waliacha kazi, wakasogea. Tantine alimkamua Mama mbele yao wote, akapokea maziwa kwenye kiganja, akanusa. Akakunja uso. Akampelekea jirani naye akanusa, akakunja uso zaidi, kisha mwingine, kisha mwingine. Kiganja kilifika mpaka puani mwangu. Kweli kilinuka. Kilinuka ziwa lote lililokufa. Mwisho Tantine alikirudisha kwa mwenyewe, Mama akainama, akanusa, na nikamwona anaamini. Mabega yalimshuka. Alifunga vifungo vyake mwenyewe, polepole, bila kuambiwa.

Leo nikifikiri naweza kupasua sahani. Kiganja kile kilikuwa kimeshinda kwenye matumbo ya samaki tangu alfajiri, na juzi, na miaka yote kabla mimi sijazaliwa! Ungemwaga humo maji ya kisima yangenuka. Ungemwaga manukato yangenuka. Watu wenye akili, wanaojua kuoza kuliko mtu yeyote mkoa mzima, walinusa mkono wa Tantine Mado wakamhukumu mama yangu.

Lakini wakati ule sikufikiri hivyo. Nilielewa kwa akili yangu ya kitoto kwamba Mama ameoza ndani. Niliamini kule Kilwa kuna kitu kimemwingia, na sasa nyama yake inalegea taratibu kutoka kifuani kwenda tumboni, na siku moja atafunguka kama samaki aliyesahauliwa kwenye beseni. Alipojilaza mchana nilimwendea kwa kunyata, nikambonyeza mkono kwa kidole gumba, kama nilivyomwona Tantine akifanya. Nyama ilirudi. Nikabonyeza mguu, ukarudi. Sikuridhika. Nilianza kuukataa bukari, yaani ugali, aliousonga yeye, nikasema tumbo linauma. Nilikuwa nampenda na nilikuwa namwonea kinyaa, na sikujua la kufanya na vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Baba alipigiwa simu. Nilisikia sauti yake ikikwaruza kwenye spika: "Mufuate ile dada anasema. Miye mwanaume, nitayua nini ya maziwa?" Kisha akauliza bei ya samaki. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, lakini siku ile angenyamaza tu ingekuwa afadhali.

Egzose hakukubali kuachishwa. Kila akipitishwa karibu na Mama alijitupa kifuani, anavuta blauzi, analia kwa hasira. Mama alikuwa anageuka ukutani akiuma kitenge, maziwa yanamtoka yenyewe. Basi Tantine akaleta dawa ya pwani. Mnaotoa matumbo ya samaki mnajua kale kamfuko ka kijani karibu na ini, tunakokakwepa kwa kisu kwa sababu kakipasuka samaki mzima haliki. Alikusanya vifuko hivyo kwenye kifuniko cha chupa, akavipasua kwa ukucha, akampaka Mama nyongo kwenye chuchu zote mbili, nyongo ya kijani iliyokolea mpaka inaelekea weusi. Kisha akasema, "Sasa muite."

Mama hakumwita. Hakukuwa na haja. Egzose alikuja mwenyewe akitambaa kwa tumbo, anacheka, akafungua mdomo wote. Sijawahi kuona tena uso wa mtu ukibadilika vile. Ulimi ulitoka, mwili ukatetemeka, akatapika mate ya kijani kwenye mapaja ya Mama. Alilia, akamtazama, akajaribu tena, kwa sababu hakuna kitu kingine duniani alichokuwa anakiamini. Wanawake walicheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mtoto akionja limau. Ilipofika jioni yake, Egzose akiona ziwa anageuza shingo na kupiga kelele, na Tantine akasema kazi imekwisha.

Kikabaki kikombe cha uji. Uji huo ulipikwa alfajiri kwa maji ya ziwani, kwa sababu kisima kilikuwa mbali na majiko hayasubiri, ukashinda dirishani ukitembelewa na nzi. Tumbo la Egzose likafunguka. Mimi ndiye niliyepewa vitambaa vyake kuvifua, palepale ufukweni, katikati ya matumbo na magamba. Vilikuwa vya kijani, kisha vya maji matupu, na harufu ile ya uchachu haikutoka hata kwa sabuni. Nilifua nikiwa nimefunga pua kwa pindo la gauni. Mama aliposema mtoto anaharisha, Tantine alifurahi.

"Muache itoke. Ni ile ya kuoza njo inatoka mu tumbo. Ikiisha, atakuwa muzuri."

"Mulamu, mutoto anaisha yeye mwenyewe. Ona kichwa yake."

Pale juu ya kichwa, ambapo kwa watoto wachanga hupigapiga, palikuwa pamebonyea kama kikombe. Macho yalikuwa makubwa. Kilichonitisha zaidi ni kwamba alikuwa ameacha kulia. Tantine alikuwa anatafuta majani ya kumwogeshea. Mama alimfunga Egzose mgongoni, akanishika mkono, tukaenda kliniki kwa miguu, na hakuaga mtu.

Kliniki tulikuta benchi limejaa. Nesi alikuwa Mzambia, mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa mdomo. Alimbana Egzose ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akauliza kama ananyonya.

"Nilimukata," Mama akasema chini chini.

"Awe! Mwe banamayo!" nesi akawaita wamama wenzake, akapiga makofi, akalisemesha benchi zima kwa Kibemba, watu wakatikisa vichwa. Kisha akamgeukia Mama kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Weye unataka samaki, hutaki mutoto. Mutoto mudogo hivi! Juu ya nini ulimukata?"

"Maziwa yangu ilioza. Ililala mu kifua."

Nesi alicheka mpaka akajishika kiuno. Aliwatafsiria wengine, nao wakacheka. Mama alitazama saruji. Nesi alisema maziwa hayaozi ndani ya mtu aliye hai, akampa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa, akamwonyesha jinsi ya kunywesha kwa kijiko, akamwamuru arudishe ziwa leo hii. Kila alichosema kilikuwa kweli na alimwokoa mdogo wangu. Hata hivyo simpendi. Hakumuuliza Mama ni nani aliyemwambia maneno yale wala analala nyumba ya nani. Alimalizia kwa kusema wamama wa wakimbizi wanazaa kama kuku, akaita anayefuata.

Tuliporudi, Mama alikwenda nyuma ya majiko, akaoga kifua kwa sabuni, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akamweka Egzose. Mtoto aliona ziwa, akageuza shingo. Mama akamrudisha taratibu, akamwimbia, akambembeleza. Egzose alikuwa hana nguvu hata ya kushika kichwa chake, lakini nguvu ya kukataa alikuwa nayo. Alibana midomo. Alikuwa anakufa kwa kukosa kitu kilichokuwa kinamdondokea shavuni, na alikuwa anakiogopa.

Mama alinituma kikombe safi. Akakamua, maziwa machache, meupe yenye rangi ya maji kidogo. Nilisimama nikitazama, na swali lililokuwa limenikaa kooni muda wote likatoka.

"Mama, weye unaoza ndani?"

Alinitazama sana. Nadhani ndipo alipoelewa kwa nini nilikuwa sili bukari. Akaninyooshea kikombe.

"Onja."

Nilifunga macho na kubana pua. Nilitegemea samaki. Nilitegemea nyongo, uchachu, vitambaa vya Egzose. Yalikuwa vuguvugu na matamu kidogo, utamu wa mbali, basi. Niliachia pua nikanusa. Hayakunuka kitu.

"Iko na sukari," nikasema.

Mama alikichukua kikombe akaonja na yeye. Alikuwa hajui! Alikuwa mama wa watoto wawili na alikuwa hajui, kwa sababu alikuwa ameambiwa na watu wengi kwa pamoja. Alishika mdomo wake kwa mkono, nikaona machozi yanapita kati ya vidole, na bado alikuwa anatingisha kichwa kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kisha akachukua kijiko, akampa Egzose yale yaliyobaki, tone kwa tone, na Egzose akameza.

Ndivyo alivyoishi, kwa dawa ya kliniki na kijiko cha kificho nyuma ya majiko. Ziwa lenyewe hakulirudia kamwe. Kifua kisichonyonywa hakidumu, maziwa yakapungua kila siku mpaka yakawa yanalowesha tu sakafu ya kikombe, mpaka yakakauka. Kwa bahati tumbo lilikuwa limeshafunga, na Mama alikuwa amejifunza kuchemsha maji na kupika uji kidogo kidogo. Egzose alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, miguu ikabaki myembamba. Lakini alipona, akaanza kucheka tena, na Jumapili moja tukampeleka kanisani akiwa na shati jipya.

Wakati wa ushuhuda Tantine Mado alisimama kabla ya wote. Alimchukua Egzose kutoka mikononi mwa Mama, akamwinua juu ili hata waliokaa nje ya turubai wamwone.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Huyu mutoto munaona, alikuwa anakunywa kifo mu kifua ya mama yake. Maziwa ilikuwa imeoza, banamuke wenzangu walinusa, beko hapa. Mungu akanionyesha miye, nikaikata. Uchafu wote ukatoka, leo eko muzima. Bamama, maziwa ikilala, musichezee!"

Ngoma ikapigwa. Wanawake wa majiko walisimama wakashangilia, walikuwa mashahidi. Nilimvuta Mama kitenge. "Sema," nikamwambia. "Mama, sema." Alinitazama, akatazama mlango, akatazama mabegi yetu ambayo hayakuwepo pale lakini yalikuwa nyumbani kwa Tantine Mado, chini ya kitanda cha Tantine Mado. Akainua mikono akapiga makofi pamoja na wengine. Midomo yake ilisema Amina.

Mbele yetu alikaa msichana mmoja muuza samaki, mdogo, mwenye mtoto wake wa kwanza, na alikuwa amerudi kutoka Kilwa jana yake. Alikuwa ananyonyesha. Alimsikiliza Tantine mpaka mwisho, mdomo wazi kidogo. Kisha akamchomoa mtoto kifuani, taratibu, akafunga vifungo vya blauzi yake vyote mpaka shingoni. Mtoto akaanza kulia. Alikuwa hajashiba.